Paka Aliyeandikwa Chomba

«Tangazo kuhusu Ufugaji wa Lazima wa Paka Mmoja kwa Kila Nyumba ya Cité, kwa Faida ya Afya ya Watu na Usalama wa Unga.» Ndivyo kilivyoitwa kikaratasi kilichobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya Kamalondo, cité ya Waafrika, miaka michache kabla ya vita vya pili vya dunia, Lubumbashi ilipokuwa bado Élisabethville. Chini yake faida zilipangwa kwa heshima zote: paka hula panya, panya huleta tauni, na paka, tofauti na wakaaji wengine, halewi, haombi mshahara wala ruhusa ya kwenda kuzika mjomba. Kifungu cha mwisho kilisema kila paka awe na jina, kwa kuwa kitu kisicho na jina hakiwezi kukaguliwa.

Karani Stanislas alileta paka wa Donat asubuhi, ndani ya gunia. Donat alikuwa seremala kwenye karakana ya reli. King'ora cha kazi kilikuwa kimekwisha kuanza na kofia alikuwa nayo kichwani. Paka, jike la kijivu, alitoka guniani, akapita katikati ya miguu ya watu bila kunusa kitu, akapanda moja kwa moja juu ya kiti kifupi kando ya mbabula, jiko la makaa. Kilikuwa kiti cha mama yake Donat. Bibi huyo alikufa msimu wa mvua uliopita, na tangu hapo hakuna aliyekikalia.

— Jina? akauliza Stanislas.

— Paka.

— Paka haiko jina, Tata Donat. Iko kazi yake.

— Sasa mi nitatoa jina wapi? Sirène inalia!

— Muzungu anasema: bila jina, hakuna paka. Bila paka, unalipa amende.

Donat akacheka.

— Andika Chomba, basi! Si unaona, amekwisha kukamata kiti ya mama.

Régine, mke wake, alikuwa na mimba kubwa. Akashika tumbo.

— Donat! Ile jina iko ya mutoto!

Stanislas alikuwa amekwisha kuandika. Akamfunga paka shingoni, kwa uzi, kibati chenye jina. Paka akageuza kichwa, akamtazama Régine kuanzia miguu hadi kitambaa cha kichwani, akapiga chafya.

Marehemu Chomba, mama yake Donat, alikuwa mtu wa tumbaku ya kunusa na chafya zake.

Kwa watu wa Donat, jina la mzazi aliyekufa halitupwi ovyo. Linamngoja mtoto wa kuzaliwa, na mzazi mwenyewe hurudi ndani yake. Mtoto aliyenyimwa jina lake hulia, hukataa ziwa, mpaka apewe, au mpaka achoke kungoja na kurudi alikotoka. Donat alijua hayo yote. Ila mtu anayechelewa kazini hana mila.

Tuseme ukweli, tangazo halikudanganya. Panya waliisha. Gunia la unga, lililokuwa likitobolewa kila wiki, likakaa zima kama siku liliponunuliwa, na majirani wakaja kuuliza kama paka huyo anaweza kuazimwa. Lakini panya aliowaua hakuwala. Aliwalaza mlangoni kwa Régine, wamepangwa vizuri, bila alama ya jino. Régine akifunua sufuria, paka yuko pale anachungulia. Akichota unga, paka anafuata mkono. Akirudisha kipimo ndani ya gunia, paka anabaki akiangalia gunia, kisha anamwangalia yeye. Na nyumba ikaanza kunuka tumbaku.

Marehemu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Alikufa akiamini mkwe wake anaiba unga kuwapelekea kaka zake.

— Mama Régine, akanong'ona Honorine, jirani, akisimama nje kwa makusudi. Ile haiko paka. Iko jini.

— Nyamaza, atasikia.

— Si ndiyo nasema! Paka ya kweli, unamusema, haisikii.

Mtoto akazaliwa, msichana. Donat akamwinua, akaita: «Chomba!» Mtoto akageuza uso ukutani. Juu ya kiti, paka akaitika kwa chafya.

Mtoto hakunyonya siku hiyo, wala iliyofuata. Walimtonesha maji ya sukari kwa kitambaa. Daktari wa hospitali akasema mtoto hana ugonjwa, akaonekana kuridhika. Kilio kikawa chembamba kama uzi. Na kila Donat alipojaribu tena kuita lile jina, kwa upole, kwa ukali, mwishowe kwa machozi, ulisikika mlio mdogo wa kibati kikigonga mguu wa kiti, kisha hatua laini sakafuni, zisizo na haraka, hatua za mwenye nyumba anayekuja kuona nani anamsumbua, na ile harufu ya tumbaku ikitangulia mbele yake mpaka kitandani, ambako paka aliketi, akamtazama mtoto kwa muda mrefu kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa mahali pake, huku mtoto akizidi kujikunja na Régine akimfunika kwa mwili wake wote.

Donat akakimbilia ofisini. Stanislas akamweleza kwamba paka aliyeandikwa habadilishwi jina, isipokuwa kwa ombi lenye tampon, yaani muhuri, na mwenye tampon alikuwa likizo Ubelgiji. Kisha akaangalia nyuma yake, akashusha sauti.

— Tata, mi niko muntu ya kazi tu. Lakini kama ingekuwa mutoto yangu, singengoja tampon.

Mama Mutale, mganga, alikuja mchana kweupe na udongo mweupe wa pemba ndani ya kitambaa. Akafunga mlango, akapiga magoti mbele ya kiti.

— Mama, jina yako imekaa pahali mubaya. Kwa nini hautoke?

Paka hakumtazama. Alimtazama Régine. Mganga akafuata macho yale.

— Binti, iko na neno na weye. Muko na mambo gani?

Régine akasimama, akaburuta gunia la unga mpaka mbele ya kiti, akalifungua, akalimwaga lote sakafuni.

— Angalia, mama! Angalia muzuri! Hata kipimo moja sikuiba. Wakati ungali muzima sikuiba, na sasa siibe. Sasa niachie mutoto wangu!

Paka akashuka. Akazunguka unga polepole, akanusa. Akapiga chafya, unga ukaruka. Hapo Mama Mutale akamnyakua, akakata uzi wa kibati, akapaka pemba kwenye ulimi wa mtoto, akaita: «Chomba!»

Mtoto akageuka. Akanyonya kwa nguvu mpaka Régine akalia kwa maumivu na kwa furaha.

Paka akatikisa kichwa kama aliyeamshwa usingizini, akalia nyau, mara ya kwanza tangu afike, akaruka dirishani. Hakuonekana tena Kamalondo.

— Jina imerudia, akasema mganga akijipangusa mikono, bila kufurahi sana. Lakini jina ikikaa pahali, inabeba kidogo ya ile pahali.

Mkaguzi alipopita, hakuona paka wala panya. Stanislas akaandika kwamba paka wa nyumba hiyo anafanya kazi vizuri, na tangazo likasifiwa mbele ya wakubwa.

Kilichotokea hasa ni hiki. Paka hakurudi. Panya nao hawakurudi, isipokuwa mmoja. Asubuhi moja, mtoto akiwa bado hajui hata kukaa, Régine alimkuta panya huyo amekufa, amelazwa vizuri kando ya mto wa mtoto, bila alama ya jino. Mlango na dirisha vilikuwa vimefungwa kwa ndani. Mtoto alikuwa macho, anamtazama mama yake kuanzia miguu hadi kitambaa cha kichwani. Kisha akapiga chafya.