Bariyeri ya Kwanza

Jumanne asubuhi, Phinées alikuta mtu wake amerudi nyuma.

Jana alimwacha salama, bariyeri ya tatu. Phinées, miaka arobaini na saba, tumbo likimtangulia kila mlango, alikuwa na chumba cha kuchapa barua mjini Butembo, Kongo. Mwaka ule wa 2002 vita vilikuwa vimeharibu njia ya Beni, barua zikawa haba, basi akawa anaandika hadithi ya mchezo wa video. Binamu yake Jephté, aliyesomea kompyuta Kampala, ndiye aliyeiomba: mtu amenaswa ndani ya dunia ya kompyuta, lazima avuke bariyeri saba, vizuizi vya barabarani, ndipo atoke.

“Nimefika Dubai, nimefika Guangzhou, na kote nilipotea njia,” Phinées alipenda kusema. “Nani anajua kutafuta mulango kunipita?”

Sasa mtu yule alikuwa tena kwenye bariyeri ya kwanza, na chini yake mstari ambao Phinées hakuuandika, swali la soda, askari wa bariyeri: *Soda akauliza: unamujua huyu mutu?*

Akaufuta. Akacheka, akaendelea kuandika.

Jumatano mstari ulirudi. Alhamisi ulirudi na harufu ya kakao iliyochachuka, kana kwamba kuna gunia chini ya meza, na Butembo ni baridi, kakao haioti. Ijumaa, mchana kweupe, vitufe vikaanza kushuka vyenyewe, kimoja kimoja, kama vinabonyezwa na mtu asiyewahi kuchapa, na nyuma ya kiti ikasikika pumzi ya mtu aliyetoka mbali na mzigo kichwani, na Phinées akaijua pumzi ile, maana alilala nayo kitanda kimoja utoto wake wote, akashindwa kugeuka, akashindwa hata kuomba.

Sophie, mke wake, alimkuta chini ya meza. Akamwita Mama Agar, mwombezi wa kanisa lao. Mama Agar alinusa tu, Biblia hakuifungua.

“Papa Phinées, huyu hapana pepo wa kutafuta nyumba. Anatafuta kutoka. Nani hamukumukalia matanga?”

“Hakuna.”

“Mais unatoka jasho na hii baridi!”

“Ni tumbo, Mama. Lenyewe ndilo linafanya kazi hapa.”

Hakuna aliyecheka. Phinées akatazama mikono yake. “Melchior. Yaya yangu, kaka yangu mukubwa.”

“Melchior si yuko Kasindi?” Sophie alinong'ona. “Ulisema alipata kazi kwa malori.”

“Nilisema. Tulitoka Oicha pamoja, yeye na gunia lake la kakao. Kwa bariyeri bakamukamata. Soda akaniuliza: unamujua huyu mutu? Nikamujibu: mimi, na hii sura nzuri, ningemujulia wapi ule? Soda akacheka. Akaniachia nipite. Nilikuwa sijafika hata kwenye kona. Risasi moja.”

“Enda kwa mama yako,” Mama Agar alisema. “Leo.”

Miezi minane tangu siku ile, Mama Kaswera, mama yao, alikuwa akimwekea Melchior sahani yake kila mchana, bugali na sombe ya majani ya muhogo, imefunikwa kwa kitambaa. Alimsikiliza Phinées hadi mwisho. Kisha akaifunua sahani, akaisukuma mbele yake.

“Kula.”

“Mama...”

“Ni ya yaya yako. Kula yote.”

Akala. Tonge la mwisho lilipopita, mama akavua kilemba, akaketi chini, na kilio ambacho mwanawe alikifungia miezi minane kikatoka.

Baada ya matanga, Phinées alirudi kazini. Harufu hakuna. Kwenye skrini mtu wake alikuwa amevuka bariyeri sita, amesimama kwenye ya saba, ya kutokea. Chini yake mstari mpya:

*Soda akauliza: na huyu Phinées, unamujua?*

Phinées akabonyeza vitufe ajibu mwenyewe. Havikuandika kitu. Nje jenereta ikakohoa, ikazimika, mafuta yamekwisha. Taa ikafa. Feni ya kompyuta ikasimama. Skrini peke yake ikabaki inawaka, na kile kijistari cha kuandikia kikapepesa, kikapepesa, kikimngoja Melchior ajibu kama anamjua.