Jina la Mzee wa Kisimani

Maoni ya kwanza yaliyomtisha Awinja hayakuwa na tusi hata moja, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Kazi yake, aliyoifanyia sebuleni kwake Kakamega mjini, ilikuwa kusoma maoni ya wachezaji wa gemu moja ya wachawi na mashujaa, sehemu ya pili, ambayo kampuni ya ng'ambo ilianza kuiuza kabla haijakamilika. Wachezaji walikuwa wameichukia vibaya. Farasi wanazama ardhini. Msitu mtupu. Sehemu ya kwanza mliitengeneza mkiwa na akili, hii mliitengeneza mkiwa wapi? Awinja aliyapanga matusi hayo mafungu mafungu, akamtumia bosi wake, George, na roho yake ikabaki palepale.

Haya mapya yalisema: "Yule mzee wa kisimani nimemuua mara kumi. Leo nimezima kompyuta na bado namsikia akipumua."

Kesho yake waliandika wanane. Kufikia Ijumaa walikuwa mia mbili, na hasira ilikuwa imegeuka kitu kingine. Mzee ananifuata mpaka jikoni. Mzee ananuka tumbaku mbichi, nami naishi peke yangu na sivuti. Mzee ananiuliza kama nina mtoto; nani aliandika upuuzi huu?

Hakuna aliyeuandika. Awinja alimuuliza George, akaambiwa mzee huyo hakupewa hata neno moja la kusema. Alipewa jina tu, na jina lilitoka kwa Awinja. Alipokuwa mjamzito, kampuni ilimwomba majina tisa ya kwao kwa ajili ya kijiji cha kwenye gemu. Manane aliyabuni. La tisa, miguu imevimba na uvivu umemshika, aliandika Osundwa, jina la marehemu baba mkwe wake, ambalo mke wa mwana hapaswi hata kulitamka ovyo. Nani angejua?

Tangu gemu ianze kuuzwa, mtoto wake wa miezi miwili alilia kila alasiri mvua ilipoanza. Hospitalini walimpima wakasema ni mzima. Mike, mumewe, aliyekuwa akiongoza wageni msituni Isecheno siku nzima, akampigia mama yake simu. Mama Jescah alifika kutoka Matungu na kuku kwapani, akamtazama mjukuu, akasema hakuna ugonjwa hapo. Mtoto alikuwa hajapewa jina la ukoo. Anayelia hivyo analilia jina. Majina ya waliokufa hutajwa moja moja, na likitajwa lake, mtoto hunyamaza.

Mvua ikaanza kupiga mabati. Umeme ukakatika. Jescah akampakata mtoto, akaita polepole.

"Were." Mtoto akalia. "Mukhwana." Akalia zaidi.

"Osundwa."

Pembeni, ndani ya kompyuta iliyofunikwa na kuzimwa tangu adhuhuri, sauti ya mwanamume ikaitika kwa Kiluhya, kwa upole, kama mtu aliyeitwa mezani kula, na harufu ya tumbaku ikatambaa chini ya meza, ikapanda kwenye makochi, ikamfikia Awinja puani, huku mtoto akizidi kulia na Jescah akizidi kumkumbatia, na wala hakuna kati yao aliyethubutu kugeuza shingo kutazama ile pembe ambako kitu kilikuwa kikipumua taratibu kikisubiri kuitwa mara ya pili.

"Awinja," Jescah alinong'ona, "hiyo jina umeipeana wapi?"

Awinja alimweleza yote. "Nilidhani ni mchezo tu, mama. Nisamehe."

"Bwanangu alikufa na ugonjwa ya koo. Miaka tatu hakuwa na sauti, tulikuwa tunaongeanga na mikono. Huyu amenijibu na sauti mzima. Si yeye." Alishusha sauti zaidi. "Jina ya mtu amekufa hatupeanangi kwa kitu haina damu. Ikikaa hivyo, kuna vitu zinaingianga."

"Nitamhimiza George aitoe leo."

"Usijaribu. Ukiitoa leo, hiyo kitu itaenda wapi? Wacha kwanza mtoto apate yake. Kesho naita wazee wa Matungu, tumpe jina. Akishapewa, haina mahali kwake ya kuingia. Hapo ndio utoe."

Alfajiri ya siku hiyo Awinja alikuwa amemwandikia George barua pepe ndefu ya kumsihi amwondoe mzee kwa sababu wachezaji wamechoka.

Alinyakua simu. Mtandao ulikuwa mzito kwa mvua. Alitoka hadi kibarazani, akarudi, akapanda juu ya kiti, akaandika: simamisha, tafadhali, nitaeleza baadaye. Jibu la George likaingia baada ya muda uliomzeesha. "Tumeshamtoa, dakika hii hii. Kazi nzuri, Awinja."

Mtoto akanyamaza. Hakupunguza kilio kidogo kidogo kama watoto wanavyofanya; kilio kilikatika ghafla. Mvua ilisikika peke yake. Hakuna jina lililokuwa limetajwa.

Jescah alimtazama mtoto usoni. Kisha akamlaza kwenye kochi kwa uangalifu, akarudi nyuma hatua mbili, akajifuta mikono kwa leso yake, mara mbili, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mama, unaenda wapi na hii mvua? Mshike mjukuu wako."

"Mjukuu wangu ni yule alikuwa analia," Jescah alisema bila kumtazama, akatoka.

Awinja alimchukua mwanawe mapajani. Simu ikaanza kulia, maoni yakimiminika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile yalikuwa ya sifa. Hatimaye mmesikia. Mzee ameondoka. Nyumba yangu imetulia, asanteni sana. Mmoja aliuliza amekwenda wapi. Awinja aliyasoma yote, kisha akayarudia kuanzia juu, kwa sababu mapajani mtoto alikuwa kimya, macho wazi, pumzi yake ikinuka tumbaku mbichi, naye hakuweza kujilazimisha kuinamisha uso.