Kompyuta Isiyo na Feni

Fundi alifuta sauti ya marehemu, kisha akamwacha binti wa marehemu abebe lawama. Kosa lenyewe ni hilo, na halina jina zuri zaidi.

Walikutana kwa kugongana. Ilikuwa Jumamosi, kwenye jengo la maduka ya vifaa vya umeme, pale ambapo kila duka lina spika mlangoni na kila spika inagombana na ya jirani. Fundi alikuwa anashuka ngazi amekumbatia boksi, haoni mbele. Binti huyo, mshonaji wa nguo, alikuwa anapanda huku anasoma simu, haoni mbele vilevile. Boksi likaenda huku, mkoba wa mshonaji ukaenda kule, ukadunda ngazi kadhaa na kumwaga vilivyomo: nyuzi, mkasi, futi ya kupimia, na diski ya kompyuta iliyofungwa kwenye kitambaa cha maua.

"Wewe, huna macho?"

"Ninayo, dada. Yalikuwa yanaangalia boksi."

"Basi boksi ndilo liniombe radhi."

Fundi alicheka, akapiga magoti kuokota nyuzi. Alipofika kwenye diski akaishika kwa mikono miwili.

"Hii unaipeleka wapi?"

"Kwa fundi."

"Fundi yupi?"

"Yeyote asiyegonga watu."

"Ah. Hapo nimeshakosa kazi."

Mshonaji alikuwa amevaa gauni la rangi ya haradali alilolikata na kulishona mwenyewe, limemkaa kiunoni kama limeambiwa. Fundi aliona hilo kabla ya kitu kingine. Mshonaji naye aliona kwamba shati la fundi lina kifungo kimoja pungufu, tena cha tumboni.

"Lete hilo shati siku moja nikutie kifungo," alisema. "Linanitia aibu hata mimi nisiyekujua."

Walikaa kwenye mgahawa wa chini wakanywa chai, na mshonaji akaeleza shida yake. Mama yake alifariki mwaka uliopita kwa ugonjwa wa koo. Miezi ya mwisho sauti ilishuka ikawa mnong'ono tu, na binti akamrekodi akizungumza, video kumi na moja, zote zimo kwenye ile diski. Nyumbani wanayo televisheni kubwa na kompyuta ya zamani. Baba yake aliendesha malori maisha yake yote, na injini zimemla masikio.

"Ile kompyuta ikiwaka, feni inanguruma kama mashine ya kusaga," alisema. "Baba anakaa mbele ya televisheni, anamwona mke wake anafumbua mdomo, anachosikia ni feni. Juzi aliipiga kofi."

"Alipiga televisheni?"

"Kompyuta. Televisheni alinunua kwa hela yake."

Fundi alikunja uso akifikiri. "Naweza kukujengea kompyuta ndogo, unene wa kitabu, haina feni hata moja. Joto linatolewa na bati lake lenyewe, lina mapezi kama ya samaki. Ndani hakuna kitu kinachozunguka. Naiwekea Linux, mfumo wa bure, mwepesi. Baba anabonyeza rimoti, picha za mama zinajipanga kwenye televisheni. Chumba kitakuwa kimya mpaka asikie saa ya ukutani."

"Saa yetu imekufa."

"Nitaleta na betri."

Kazi ile ingekwisha kwa siku chache, lakini fundi aliivuta. Alikwenda kwao kupima kabati la televisheni. Akarudi kuangalia urefu wa kebo. Akarudi tena kwa sababu ambayo hata mzee aliiona haina miguu. Shati lilipata kifungo, kisha kola ikageuzwa. Simu zikawa za asubuhi na za jioni.

"Mama Sindano, umeamkaje?"

"Nimeamka nadai. Kompyuta yangu iko wapi?"

"Inapoa."

"Si ulisema haipati moto?"

"Mimi ndiye ninayepata moto."

"Mwone! Kanywe maji."

Sasa, fundi alikuwa na kanuni moja, na aliihubiri kwa kila aliyefanya naye kazi: kabla ya kuweka mfumo, chomoa diski ya mteja. Linux haiziiti diski kwa majina ya kampuni. Inazipa herufi kadiri inavyozikuta. Ya kwanza leo inaweza kuwa ya pili kesho. Mbili zikiwa na ukubwa mmoja, jicho halina msaada. Chomoa, weka mfumo, kisha chomeka.

Siku ya kuweka mfumo kwenye kompyuta ya mshonaji hakuichomoa diski yake. Alitaka amalize haraka, ahamishe video, jioni awe kwao. Simu ikaita, akaibana kwa bega.

"Fundi wangu, nikuulize kitu. Unanipenda mimi au unapenda kuja kupima kabati?"

"Kabati halinisumbui kwa simu."

"Jibu swali."

Kwenye skrini mfumo nao ulikuwa unauliza: futa diski hii yote, ndiyo au hapana?

"Nakupenda," alisema fundi, kwa mara ya kwanza, na kidole kikabonyeza ndiyo.

Upande wa pili palikuwa na kicheko kidogo, halafu pumzi. "Basi njoo mapema." Akakata.

Fundi alikaa anatabasamu mwenyewe kama mjinga. Alipoinua macho, mstari wa kusakinisha ulikuwa umepita nusu, na taa iliyokuwa inawaka na kuzima ilikuwa ya diski ya zamani, ile iliyotoka kwenye kitambaa cha maua. Alivuta waya kwa nguvu mpaka meza ikasogea.

Jioni alikwenda, maana alisubiriwa. Njia nzima alijipangia: nitasema. Mshonaji akafungua mlango, ana gauni jipya la bluu, amejipaka manukato, na swali la kwanza likawa, "Video za mama zimeingia?"

"Diski ina tatizo," alisema fundi. "Haisomeki."

Angeweza kuendelea. Neno la pili lilikuwa pale pale ulimini. Lakini mshonaji alishika kinywa kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi. Mungu wangu, ni mimi. Siku ile kwenye ngazi. Iliruka ngazi zote zile, nami nikasimama nafanya utani."

Fundi alinyamaza. Hapo ndipo alipomtenda mwenzake, wala si pale alipobonyeza kitufe. Kidole hukosea. Kunyamaza alichagua.

Mshonaji alimwambia baba yake usiku uleule. Mzee alichukua rimoti, akaiweka juu ya kabati, akaenda kulala. Toka siku ile hakumsemesha tena. Akitaka chumvi, ananyoosha mkono. Dada mkubwa wa mshonaji, aliyekuwa ameolewa mtaa wa tatu, alikuja kwa miguu akiwa na kanga ya ndani.

"Sauti ya mama unaibeba kwenye mkoba wa mikasi! Kama nyuzi! Ungeniambia mimi nisingeipeleka?"

"Dada, nimekosa."

"Umekosa? Mtu hukosa njia. Wewe umetuzikia mama mara ya pili."

Mshonaji akaanza kukata vitambaa kombo. Mteja mmoja alirudishiwa suruali ina mguu mmoja mfupi. Jioni alikuwa anampigia fundi analia, na fundi alikuwa anambembeleza.

"Usijilaumu, mpenzi."

"Nimlaumu nani?"

Fundi akamwambia alale.

Kumbe fundi hakukaa bure na siri yake. Ile diski hakuiandikia tena hata herufi. Aliifungulia kwenye kompyuta nyingine, akaiachia programu ya kuokota mafaili yaliyofutwa, inapita diski nzima chembe kwa chembe kama mtu anayechambua mchele. Alijiambia: zikirudi zote, ukweli utakuwa wa nini? Zilirudi nne. Saba zilikuwa zimekaliwa na mfumo, na kilichoandikiwa juu hakirudi.

Akapeleka kompyuta. Iliwekwa chini ya televisheni, ndogo, nyeusi, bila mlio wowote. Mzee alikaa kwenye kiti chake, dada mkubwa amesimama mlangoni na mikono kifuani, mshonaji amejikunja pembeni kama mgeni. Fundi akabonyeza rimoti. Mama akatokea, shuka mabegani, akasema kwa ule mnong'ono wake, "Huyu baba yenu mwambieni avae sweta. Nikimwambia mimi anajifanya kiziwi."

Mzee alisikia. Alicheka, na kicheko kikageuka kikawa kingine, akajifunika uso kwa kofia.

Mshonaji alimkumbatia fundi mbele ya watu wote. "Umeniokoa," alisema. "Umeniokoa."

"Mungu akulipe, shemeji," dada mkubwa alisema. "Huyu alikuwa ametumalizia mama."

Fundi alihisi ile mikono shingoni kama kitanzi. Akaitoa taratibu.

"Hakumaliza yeye. Diski ilikuwa nzima. Haikuumia kwenye ngazi wala popote. Niliifuta mimi, kwa uzembe, nikawadanganya."

"Unasema nini?" mshonaji aliuliza.

"Tulikuwa kwenye simu. Ile siku."

Mshonaji alikumbuka ni siku gani. Alirudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine. "Nilikuwa nakupigia kila jioni nalia. Ulikuwa unaniambia nisijilaumu."

"Ndiyo."

"Ukaniacha niongee na ukuta nyumbani kwetu."

"Ndiyo."

Mzee alivua kofia usoni. "Diski uliifuta kwa kukosea," alisema. "Binti yangu ulimpaka tope huku unaona. Toka."

Fundi alitoka. Alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Miezi ikapita. Kifungo cha shati kilianza kulegea, akalivua shati lile akalikunja, hakulivaa tena.

Halafu siku moja simu ikaita, na sauti ikawa ya mzee. "Ile kompyuta ya mama haiwaki. Uliijenga wewe, njoo."

Alikwenda mbio. Mshonaji alikuwa mezani, anakata kitambaa, hakuinua kichwa. Fundi alipiga magoti nyuma ya televisheni, akapapasa, akatoka.

"Imeharibika?" mshonaji aliuliza, bado anakata.

"Hapana. Waya wa umeme umechomoka. Nimechomeka."

"Hakuna zaidi?"

"Hakuna. Hata mzee angeweza."

Mkasi ukasimama. "Niliuchomoa mimi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua utasema ni waya, au utasema kifaa kimekufa, ukichukue, urudi kesho na keshokutwa."

"Nilitamani kurudi kesho na keshokutwa."

"Hilo sikukuuliza." Kisha akamtazama. "Na hiyo fulana ni ya nani? Imekukaa kama gunia. Shati langu liko wapi?"

"Limekunjwa. Naogopa kifungo kisije kikaanguka."

"Mjinga wewe," alisema, na sauti ikamkatika. "Lilete."

Walioana mwaka uliofuata. Dada mkubwa alicheza kuliko wote, labda kwa sababu alikuwa na deni la maneno ambayo hayarudishwi.

Gharama yake ni hii. Video zilikuwa kumi na moja, zipo nne, na ile ambayo mama anasimulia alivyokutana na baba haimo. Mzee na binti yake wanasemeshana, lakini mzee hawezi kumwagiza kitu bila kwanza kusema "samahani, mwanangu," kama mpangaji. Na fundi akisema nje kunanyesha, mke wake hufungua dirisha kwanza.