Hatari Isiyo na Meno

Émérance alikuwa akigeuza ndagala, dagaa wa ziwa lao, kwenye turubai wakati telefone yake ilipolia. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya Songo, mtaa wao pale Uvira, na kunguru walikuwa wamejipanga kwenye ukuta wakingoja awape mgongo. Aliwatupia kijiwe, akafuta mikono kwenye kitenge, akapokea.

"Yaya!" Ilikuwa sauti ya mdogo wake, Octave, aliyezoea kumwita dada yake hivyo. "Tumefika Bukavu. Kesho tunashuka Uvira, minye na Kaneza. Tunakuja kuzamia!"

"Kuzamia? Nani amepoteza motere ndani ya maji?"

Octave alicheka sana. Émérance hakucheka. Kwake, mbali na watafiti wa samaki, mtu alizamia ziwani kwa shida tu: kutafuta nyavu, kutafuta motere ya mtumbwi, au kutafuta maiti.

Octave alifundisha kompyuta huko Lubumbashi. Yeye na mke wake, Kaneza, walijifunza kuzamia pwani ya Tanzania walipokwenda fungate. Mzamiaji hubeba chupa ya hewa mgongoni. Huvuta hewa hiyo kwa mpira unaoingia mdomoni, na hukaa chini ya maji akitazama samaki. Walikuwa wamepewa kadi ya kuonyesha kwamba wamefuzu hatua ya kwanza. Sasa walitaka kuona ziwa la kwao kwa ndani.

Émérance alimlea Octave tangu mama yao alipofariki. Alimfunza kutembea, alimfunza kuoga, alimfunza kuogopa mawimbi. Usiku ule hakupata usingizi mzuri.

Wageni walifika kesho yake mchana. Walikula ugali na samaki wa mikeke, wakatoa habari za Lubumbashi. Kisha Octave akatoa telefone yake akamwonyesha Cyprien, mume wa Émérance, picha ya mahali alipopachagua.

"Kuna mtu anakodisha vyombo vya kuzamia," alisema. "Tumeongea naye kwa telefone. Anasema hapa ndipo kuna samaki wakubwa."

Cyprien alikuwa mvuvi. Alitazama picha, akatikisa kichwa.

"Shemeki, hapa ni karibu na mdomo wa mto Ruzizi. Viboko wanashinda hapa. Na mamba iko. Hata siye wavuvi tunapapita mbali."

"Basi tutakwenda kusini," alisema Octave mara moja. "Kwenye miamba, kupita Kalundu. Huko je?"

"Huko ni afadhali. Sisemi hakuna hatari. Nasema ni afadhali."

"Umeona, Yaya?" Octave alimgeukia dada yake akitabasamu. "Tumeuliza, tumesikia, tumebadilisha. Weye unaogopa bure."

Émérance hakutulia. Jirani yao, Modeste, alikuwa mwalimu wa kuzamia. Aliwafundisha watafiti wa samaki, na mtaani watu walimwita Monitere. Lakini Monitere alikuwa kwenye mji wa Baraka kwa kazi. Angerudi kesho yake mchana.

"Mungojeni Monitere," Émérance aliomba. "Mutazamia kesho kutwa, pamoja naye."

"Hatuwezi, Yaya. Kesho kutwa asubuhi tuna ndege pale Kavumu, uwanja wa Bukavu. Tutazamia kesho asubuhi, mchana tutapanda Bukavu."

Asubuhi, Émérance aliacha ndagala zake kwa binti yake, Shalom, akawafuata. Alikaa juu ya mwamba, mikono imeshika magoti. Mwenye vyombo aliwapa chupa, akawapeleka kwa mtumbwi wa motere. Hakuvaa nguo za kuzamia. Yeye alikuwa mwenye vyombo tu.

Mara ya kwanza, Émérance aliona mapovu yakipanda juu ya maji. Aliyafuata kwa macho kama mtu anayemfuata mtoto sokoni. Wakatoka, wakapumzika kidogo, wakazama tena.

Mara ya pili, upepo uliamka na maji yakachafuka. Mapovu hayakuonekana. Mwenye vyombo alikuwa ameinamia telefone yake.

"Wee!" Émérance alipiga kelele. "Wako wapi?"

Yule mtu aliinua kichwa, akatazama huku na huku. Hata yeye hakujua. Émérance alisimama. Alitaja jina la Mungu, akataja jina la mama yake. Mwishowe vichwa viwili vikachomoza, mbali sana, karibu na miamba ya upande mwingine. Mkono mmoja ulipunga.

Walipofika ukingoni, Kaneza alikuwa anacheka na kutetemeka kwa baridi.

"Yaya, samaki! Wa njano, wa buluu, kama vitenge vimeanikwa chini ya maji! Tulishuka na kushuka. Tulipita kile kina tunachoruhusiwa, maji ni safi mno, mtu hajui kama ameshuka."

"Kisha hewa yangu ikakaribia kwisha," alisema Octave. "Tukapanda haraka. Lakini tuko hapa, sivyo?"

"Mko hapa," alisema Émérance.

Mchana waliingia ndani ya gari walilokodi, kurudi Bukavu. Émérance alipanda pamoja nao, kwa sababu shangazi yao, Ninahazwe, aliishi Luberizi na Octave alitaka kumsalimia kabla ya kuendelea. Barabara ilipita kwenye tambarare, kati ya mashamba ya mchele. Octave alikuwa anaendesha huku akiimba. Kaneza hakuimba.

Émérance alimwona akisugua bega. Baada ya muda alimwona akikunja na kukunjua vidole.

"Kaneza, iko nini?"

"Bega linauma kidogo, Yaya. Na vidole... ni kama sisimizi wanatembea ndani."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu tulipokuwa tunakula."

"Ni ile chupa," alisema Octave. "Ilikuwa nzito. Akilala Bukavu, kesho ataamka mzima."

Pale Luberizi, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara na gari lilisimama. Émérance alitazama uso wa Kaneza. Ulikuwa na rangi ya majivu. Hapo alitoa telefone yake akampigia Modeste, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefika Uvira kutoka Baraka.

"Monitere, ni Mama Shalom. Bibi ya mdogo wangu, Kaneza, amezamia leo asubuhi. Sasa bega linamuuma, na vidole vina ganzi. Tuko Luberizi, tunakwenda Bukavu."

Modeste aliongea polepole, kila neno peke yake.

"Mama Shalom, simamisha gari. Musipande mlima. Mumesikia? Musipande."

Émérance alifungua sauti ya telefone ili wote wasikie.

"Monitere," alisema Octave, "ni uchovu tu. Na tuna ndege kesho."

"Inaweza kuwa uchovu, ndugu yangu. Kama ni uchovu na mukarudi, mutapoteza ndege. Kama si uchovu na mukapanda mlima wa Ngomo, bibi yako anaweza kupoteza miguu. Anaweza kupoteza uhai. Chagua."

Ng'ombe wa mwisho alivuka. Octave aliangalia mbele, mahali ambapo milima ilikuwa imeanza kuonekana. Kisha alimwangalia mke wake.

"Octave," alisema Kaneza kwa sauti ndogo, "sasa na mguu."

Octave aligeuza gari. Hakuna aliyekumbuka shangazi.

"Mumlaze chali kwenye kiti cha nyuma," Modeste aliendelea kusema. "Kama anameza vizuri, mumpe maji kidogo kidogo. Asipewe pombe, asikandwe. Minye nakimbia hospitali. Nitawaambia watayarishe oksijeni, na nitampigia dokta anayejua ugonjwa wa wazamiaji."

Njia ile ambayo wakati wa kwenda ilikuwa fupi sasa ilikuwa haina mwisho. Émérance alishika kichwa cha Kaneza mapajani mwake. Kila baada ya muda alimwuliza, "Unasikia mkono wangu? Na hapa?" Wakati mwingine Kaneza alijibu ndiyo. Wakati mwingine alichelewa kujibu, na Émérance aliona giza mchana.

Modeste alikuwa amesimama mlangoni mwa hospitali pamoja na wauguzi. Walimvika Kaneza kinyago cha oksijeni papo hapo. Dokta wa wazamiaji, aliyekuwa mbali, katika nchi nyingine, aliwaongoza kwa telefone. Alisema wazi kwamba hali ikizidi, itabidi mgonjwa apelekwe kwenye chumba cha presha, ambamo hewa hubana mwili kama maji yanavyobana, na chumba hicho kilikuwa mbali sana.

Haikuzidi. Maumivu yalipungua kwanza, kisha ganzi ikaondoka mguuni. Vidole ndivyo vilivyochelewa. Siku Kaneza alipoweza kufunga vifungo vya blauzi yake mwenyewe, Émérance alitoka nje ya hospitali akalia nyuma ya ukuta, mahali ambapo watu hawangemwona.

Dokta aliwakataza kupanda mlima wala ndege mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Kwa hiyo wageni walikaa nyumbani Songo. Jioni moja Modeste alikuja kuwatazama, na Octave alimwuliza swali lililokuwa linamchoma.

"Monitere, tulikimbia mamba. Tulikimbia viboko. Tulikosea wapi?"

"Muliogopa hatari yenye meno," alijibu Modeste. "Hiyo kila mtu anaiona. Yenu ilikuwa haina meno."

Aliomba chupa ya fanta. Aliitikisa, akaifungua. Povu lilipanda likamwagika mezani.

"Chini ya maji, uzito wa maji unabana mwili. Ile hewa munayovuta, sehemu yake inaingia kwenye damu na kwenye nyama. Ukipanda polepole, inatoka polepole, unaipumua nje. Ukipanda haraka, inafanya povu ndani ya mwili. Nyinyi mulishuka sana, mara mbili, na mukapanda haraka."

"Na mlima?" aliuliza Émérance.

"Kule juu hewa ni nyepesi. Mwili haubanwi kama huku. Kwa hiyo kupanda Ngomo siku ya kuzamia ni kama kuifungua chupa zaidi. Na ndege ni vilevile. Ndiyo maana mzamiaji anapumzika kwanza, siku nzima ama zaidi. Tena, ziwa letu lenyewe liko juu kuliko bahari. Hesabu mulizofundishwa pwani hazitoshi hapa."

Kaneza aliangalia povu mezani. "Sisi tulichagua mahali kwa sababu ya picha," alisema.

"Wengi wanachagua hivyo. Picha inakuonyesha samaki. Haikuonyeshi kama kuna muntu anayebaki juu akifuata mapovu yako. Haikuonyeshi kama oksijeni iko kwenye mashua. Haikuonyeshi njia ya kurudi nyumbani inapita wapi."

Miezi ilipita. Wageni walikuwa wamesharudi Lubumbashi. Kaneza alipimwa na dokta wa wazamiaji, na baada ya kungoja muda mrefu akaruhusiwa kuzamia tena, lakini si kwa kina kirefu. Siku moja Octave alipiga telefone. Safari hii aliomba kuongea na Monitere, na Émérance aliketi karibu akisikiliza.

"Tunataka kurudi Uvira," alisema Octave. "Utuongoze weye."

Moyo wa Émérance uliruka kwa furaha. Lakini Modeste alitikisa kichwa.

"Ninalipenda ziwa hili kuliko maji yote," alisema. "Na bado nawaambia, sasa hivi hapana. Chupa yangu ya oksijeni ni moja tu. Chumba cha presha ni mbali. Barabara ya kutoka inapanda mlima, na kuna majuma inafungwa kwa sababu ya vita. Bibi yako ameshaumwa mara moja. Mukuje kumsalimia Mama Shalom. Kuzamia, mutafute mahali pengine."

Émérance aliinamisha kichwa. Alitaka kumkasirikia, akashindwa.

Octave alipiga simu sehemu mbili za kuzamia kule pwani ya Tanzania. Kwenye ya kwanza, yenye picha nzuri kuliko zote, aliuliza, "Mtu akiumwa chini ya maji, mnafanya nini?" Walimjibu, "Hapa hakuna aliyewahi kuumwa." Octave aliuliza tena kwa njia nyingine. Walimjibu vilevile, wakamtumia picha zaidi.

Kwenye ya pili, msichana aliyepokea hakuharakisha. Alisema mashua yao ni ya zamani, lakini ina oksijeni, nayo hukaguliwa kila asubuhi. Alitaja hospitali. Alieleza chumba cha presha kiko wapi na mgonjwa anafikishwaje, akaongeza, "Kabla hamjaja, wapigieni wenyewe muulize kama kinafanya kazi." Aliomba karatasi ya dokta wa Kaneza. Aliuliza ndege yao ya kurudi ni lini.

Walichagua ya pili.

Siku walipofika pwani, Émérance hakuweza kufanya kazi. Alizunguka uani, akachukua ufagio, akauweka. Mwishowe alimwomba Octave namba ya msichana yule, akampigia.

"Minye ni dada ya Octave, niko Uvira, Kongo. Samahani, mama. Wakiwa ndani ya maji, nani anabaki kwenye mashua?"

Upande wa pili msichana alicheka kwa upole.

"Dada, kaka yako ameniuliza hilo mara tatu tangu jana. Anabaki nahodha na msaidizi wake, na simu zao ziko ndani ya sanduku. Leo kuna upepo mkali, kwa hiyo nimefuta safari. Nilidhani atakasirika. Amesema asante."

"Amesema asante?"

"Amesema asante. Yuko hapa nje na mkewe, wanakula machungwa."

Émérance alimshukuru, akakata simu. Alimwita Cyprien aliyekuwa anatengeneza nyavu nyuma ya nyumba.

"Vipi?" aliuliza Cyprien kwa wasiwasi. "Wamezama?"

"Hawakuzama," alisema Émérance, na kicheko kikamtoka ambacho hakukijua kinatoka wapi. "Leo kuna upepo. Wamekubali kukaa."