Mkasi wa Mama na Bawa la Meneja

Kila aliporudi kutoka shule, Sindano alivua sare, akanywa maji, kisha akachukua sumaku. Kazi yake ilikuwa kutambaa chini ya cherehani ya mama yake akiokota pini zilizodondoka mchana kutwa. Watu walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa kuwa mama yake alikuwa fundi wa nguo, jina hilo likamganda. Nyuma yake alitembea kunguru mwenye kifua cheupe, akikagua kila pembe ya chumba kama mwenye mali. Ndiyo maana walimwita Meneja.

Meneja alidondoka kutoka juu ya nguzo ya umeme siku ya upepo mkali, angali kinda. Sindano alimtia katika boksi la viatu lenye mabaki ya vitambaa. Usidhani ilikuwa kazi ndogo. Kinda wa kunguru hulia njaa kukipambazuka, hulia njaa umetoka kumlisha sasa hivi, na akishashiba huchafua palepale ulipofagia. Sindano alimlisha yai la kuchemsha na vipande vya nyama alivyopewa na jirani yao, mwenye bucha.

Meneja alipokua, akili zikamzidi. Alijifunza kuvuta droo ya vifungo na kuvipanga dirishani. Siku moja alimpokonya mteja utepe wa kupimia, akapaa nao hadi juu ya kabati. Mama alifoka, kisha akacheka hadi akaegemea meza.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema. "Huyu umemlea akawa mtundu, na mtu yeyote kwake ni rafiki. Hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi."

Sindano hakulitia maanani. Wasiwasi wake ulikuwa mwingine. Kunguru wa mtaani walikuwa wameanza kumwita Meneja kutoka juu ya paa la bucha, naye alikuwa anawaitikia. Jioni moja alichelewa kurudi, na Sindano akakaa mlangoni akilitazama lile paa. Aliporudi, Sindano alimkumbatia, lakini moyo haukutulia. Kesho je? Mama alipotoka kwenda kununua uzi, Sindano alichukua mkasi mezani, akalikunjua bawa moja la Meneja na kuyakata manyoya marefu, moja baada ya jingine.

Mkasi ule ulikuwa na sheria yake nyumbani. Ulikuwa wa kitambaa tu. Hata karatasi ulikuwa haugusi.

"Mbona leo Meneja haruki?" mama aliuliza.

"Amezoea hapa," Sindano alijibu, macho yakiwa sakafuni. "Hataki kwenda popote."

Siku iliyofuata mkasi uligoma. Mama alikuwa anakata hariri ya gauni la bibi harusi, na badala ya kukata, mkasi ukaitafuna. Alitazama makali yake kwa muda mrefu. "Labda niligonga pini bila kujua," alisema kwa huzuni. "Uzee huo unabisha hodi." Sindano alimwacha ajilaumu. Usiku alijigeuza kitandani kama chapati, lakini asubuhi ilipofika alivaa sare akaenda shule bila kukiri.

Siku chache baadaye alirudi kutoka shule akakuta mlango wa chumba cha cherehani umefungwa nusu. Ndani, mwenye bucha alikuwa amemshika Meneja ndani ya aproni yake. Mkia ulikuwa umenyofolewa, na mguu ulivuja damu.

"Amemfuata mwenyewe mbwa wangu," mwenye bucha alimwambia. "Ametembea hadi puani kwake kumsalimu! Mbwa alipomrukia, akajaribu kuruka, akapinduka upande. Nisingekuwa na ufagio karibu, ungekuta manyoya tu."

Mama alilikunjua bawa taratibu. Manyoya yote yalikuwa yamekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kama pindo la gauni. Alitazama bawa, akatazama mkasi, kisha akamtazama binti yake.

"Ni mimi, mama," Sindano alisema, machozi yakimtiririka. "Mkasi pia ni mimi. Niliogopa ataniacha."

Mama hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Sindano zaidi. "Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," alisema. "Wewe ulimwondolea uoga, halafu ukamkata na ubawa. Ulimbakizia nini?"

"Nilimbakizia mimi."

"Na leo ulikuwa wapi?"

Sindano alikimbia kuleta lile boksi la viatu.

Daktari wa mifugo aliufunga ule mguu, akasema manyoya yaliyokatwa hayaungwi. Lazima yang'oke yenyewe na mapya yaote, na hilo lingechukua miezi. Mama na mwenye bucha walimtengenezea Meneja banda la wavu kwenye ua. Amri ilikuwa moja: chakula kiwekwe bila yeye kumwona aliyekileta, na asibebwe wala asisemeshwe, ili aache kumwamini kila mtu. Sindano alifagia banda kila siku akiwa kimya, huku Meneja akimwita kwa sauti ileile ya utotoni. Kila alipotoka humo alijifuta macho. Jioni alifumua mishono ya nguo za kurekebisha, kulipia hariri iliyoharibika, bila kunung'unika.

Manyoya mapya yalipokomaa, mama alifungua banda. Meneja aliruka hadi paa la bucha, akasimama kando ya wenzake kana kwamba hakuwahi kulala ndani ya boksi la viatu.

Hazikupita siku nyingi, akatua ukutani Sindano alipokuwa anakula mkate. Aliinamisha kichwa. Akasogea hatua moja, kisha nyingine. Sindano alitamani kumwita. Akaweka mkate chini, akapiga makofi kwa nguvu zake zote.

"Shuu! Nenda!"

Meneja alishtuka, akapaa hadi juu ya nguzo ya umeme, akamtukana kwa lugha yake. Mama alitoka ndani akamkuta binti yake analia.

"Ameniogopa, mama."

Mama alimvuta karibu. "Ulipomkata bawa ulikuwa unajipenda wewe, ukanificha kwa sababu ulijua ni kosa. Leo umempenda yeye, na umefanya mbele ya macho yangu." Akamfuta machozi kwa ncha ya kitambaa. "Sasa umemaliza kumlea."