Diski Iliyobisha Hodi

Hebu apa kwanza. Apa kwamba haya hutamwambia mtu, hata mumeo, hata yule jirani yako mwenye masikio marefu. Mimi pia niliapishwa, nikaweka mkono kifuani nikaapa kweli. Lakini meno ya mbele yameniondoka mawili mawili, na ulimi sasa unatoka bila hodi. Sogea.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, siku ya kawaida kabisa. Mdogo wangu alikuwa na miezi miwili kaburini. Kabla hajafa alizungumza kwenye kompyuta ya binti yake, sauti ikahifadhiwa humo, akataja nani abaki na nyumba. Binti ni mshonaji. Anashona sare za shule chumba cha mbele, na hana pengine pa kuweka cherehani yake. Wifi wa marehemu, dada wa mumewe, alishamwambia afungashe. Hayo maneno ya kuambiwa hayataki, alisema, mpaka asikie kwa masikio yake. Ndipo tukaita watu: majirani, mjomba, na wifi mwenyewe, kajitanda mtandio mzito utadhani kuna baridi.

Binti akabonyeza. Kompyuta ikawaka taa, lakini haikuamka. Kioo cheusi, maandishi meupe: diski haionekani. Ndani yake kitu kikagonga. Ngo, ngo, ngo. Kikanyamaza. Kikarudia.

Akaitwa Fundi Miwani, ambaye miwani yake ina kioo kimoja. Alibadilisha waya, akaijaribu diski kwenye mashine yake mwenyewe, akaiweka sikioni kama anasikiliza mapigo ya mtoto. Akasema inagonga kwa sababu sindano inayoisoma imechoka. Huenda ikaamka mara moja tu, halafu basi.

Wifi akadakia. Hiyo si sindano, alisema, hiyo ni hodi, na hodi ya maiti haiitikiwi. Kitu kile kikazikwe. Watu wakaanza kusogea mlangoni. Mjomba, aliyefundisha sayansi miaka thelathini, ndiye aliyetangulia.

"Kama ni mama, anabisha kwake," binti akasema. "Haendi kokote. Na mimi siendi."

Nikampenda hapo.

Fundi akaichomoa diski, nayo ni ya ukubwa wa kiganja tu, akailaza juu ya kitambaa cha sare, akatoka kufuata waya mwingine kwenye baiskeli yake. Sisi tukageuka kumpisha. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kitupu.

Tukatafuta. Chini ya cherehani. Ndani ya kapu la vipande. Hakuna. Wifi akanong'ona kwamba mwenyewe ameshakuja kuichukua, na atakayebaki humu ataifuata.

Binti akaivuta kompyuta karibu. Akamwambia fundi aiwashe hivyo hivyo.

"Haina diski, dada. Itaamkia nini?"

Binti akabonyeza mwenyewe.

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi. Kisha kikaamka.

Fundi akavua miwani. "Inasoma nini?" akanong'ona.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka, na kikohozi chake kile kile. Nyumba hii ni ya mwanangu anayeshona. Asitolewe. Tukadhani imeisha.

"Hodi, wifi."

Ngo, ngo, ngo.

Haikutoka kwenye mashine. Ilitoka kwenye mtandio.

Tukageuka sote. Wifi akabana kwapa. Ngo. Akabana zaidi. Ngo. Mimi mzee, hata nikifa leo sijapunjwa. Nikaitika kwa sauti ya kusikika barabarani:

"Karibu, mdogo wangu."

Mkono wa wifi ukafunguka kama umefunguliwa na mtu. Diski ikadondoka sakafuni, mbele ya majirani, mbele ya mjomba aliyekuwa ameshapata ujasiri wa kurudi, mbele ya fundi, ambaye aliigusa akarudisha kidole haraka. Ilikuwa ya moto, kama iliyofanya kazi kutwa. Waya haikuwa nao.

Mtandio nao ukateleza, wifi asiwe na hata mkono wa kuudaka. Na pale kwenye nyama ya ndani ya mkono wake tukaona alama tatu za bluu, za vifundo vya vidole. Cha mwisho kimepinda upande, kama kile cha mdogo wangu alichobanwa na mlango tukiwa watoto.