Ripoti ya Mjomba

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma cha kinyozi kilinuka spiriti na nywele. Mjomba alitandaza ramani ya ghala juu ya kreti la soda. Walikuwa watatu tu: yeye na wapwa wake wawili, aliowalea tangu dada yake afariki. Kaka, mwenye mabega. Na mdogo wake wa kike, Nyuzi, aliyebandikwa jina hilo kwa kushinda na nyaya za kompyuta za watu.

Mpango ulikuwa mfupi. Saa sita walinzi wanakwenda kula. Saa saba wanarudi. Milango arobaini na mmoja, yote ya umeme. Kaka anapakia mkokoteni chumba cha tisa, zinakolala simu mpya. Mjomba anausukuma hadi garini. Nyuzi anaongoza milango kutoka chumba cha kupanga, ng'ambo ya barabara.

"Hiyo kitu yako imepona?" Mjomba aliuliza.

"Tangu jana haijakwama."

Nyuzi hakuwa na hakika. Siku tatu macho yalikuwa yamejaa mchanga. Programu zilikuwa mbili: ya mbele inatoa amri, ya nyuma, isiyoonekana, inakwenda kuongea na milango na kuleta majibu. Mara mbili ziliganda. Hakuna kosa lililoandikwa, kimya tu, kama mke na mume walionuniana. Aligundua hakuwa amefunga mstari wa amri, kwa hiyo ya nyuma ilidhani bado anasema. Akaufunga. Ikaenda. Lakini aliijaribu kwa milango sita tu. Orodha kamili ya milango na amri zake alikuwa nayo Mjomba, na Mjomba hatoi kitu mpaka dakika ya mwisho.

Sasa ndiyo akaitoa, ndani ya flashi, ameiandika mwenyewe. Akarudia sharti lake: programu ya nyuma iandike kila inachoambiwa na kila inachofanya. Alitaka ripoti.

"Si kwamba sikuamini, mama. Ila bucha haikabidhiwi fisi."

Akacheka peke yake.

Saa sita na dakika tisa.

Mlango wa kwanza ulifunguka. Wa pili. Kaka akafika chumba cha tisa. Mkokoteni ukajaa, Kaka akabaki chumbani kungoja zamu yake, Mjomba akausukuma ukumbini, mlango wa nane ukajifunga nyuma yake. Ndivyo ghala lile lilivyo: huo ufungwe kwanza, ndipo geti lifunguke.

Geti halikufunguka.

Saa sita na dakika thelathini na nne.

"Vipi, mama?" redio ya upepo ilikoroma kwa sauti ya Mjomba.

"Imekwama. Subiri."

Nyuzi hakubonyeza hovyo. Alishika kichwa, akafikiri taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwa vidole. Ya mbele inangoja ya nyuma imalize kazi, ndipo isome ripoti yake. Ya nyuma inaimwaga ripoti kwenye bomba lililo kati yazo. Na bomba lina kina chake. Milango sita haikulijaza. Arobaini na mmoja, neno kwa neno, imelijaza pomoni. Ya nyuma haiwezi kuendelea mpaka mtu achote, na ya mbele haichoti mpaka ya nyuma iishe.

Ni ripoti ya Mjomba iliyoziba njia.

Akalichungulia bomba kwanza, akaanza kusoma kutoka mwanzo, bila kuchota hata tone. Juu kabisa, programu ya nyuma ilikuwa imenakili amri zote ilizopewa. Ya thelathini na saba: mlango wa nane, funga. Ya thelathini na nane: mlango wa tisa, funga, usifungue tena. Ya thelathini na tisa: geti, fungua.

Akaisoma tena ile ya katikati. Mlango wa tisa ndio wa chumba alimo Kaka. Walinzi wakirudi wamkute mtu mmoja ndani, nani atahangaika kutafuta mwingine?

Saa sita na dakika arobaini na moja.

Aliiua programu ya nyuma. Milango ikabaki ilivyo. Kisha kwa mkono, amri moja: mlango mdogo wa kutupia maboksi, nyuma ya chumba cha tisa. Akamwambia Kaka kwenye simu atoke huko, asiulize.

Kaka alivuka barabara, akafika anatweta na maswali. Mjomba je? Mjomba amewalea, Mjomba haachwi. Nyuzi akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kaka alisoma mstari ule kwa kidole, polepole.

"Nani kaandika?"

"Yeye."

"Ukifungua geti sasa, anatoka?"

"Anatoka."

Redio iliita. Mama. Mama, uko hapo? Chini barabarani, mlinzi wa kwanza alikuwa anarudi, anachokonoa meno.

Kaka hakusema fungua. Hakusema usifungue. Aliinama, akaanza kuchomoa na kukunja nyaya za kompyuta.